Stop! Or My Mom Will Shoot (1992): wapishi wale wale wa Twins, mbona ikadoda?

Kiti_cha_Nyuma (mleta mada)

Wakuu, nina swali la ufundi. Filamu hii hutajwa kila vinapoorodheshwa vichekesho vilivyomshinda stelingi, lakini sababu inayotolewa ni ile ile: "Stallone hachekeshi." Hiyo kwangu si sababu, ni matokeo. Nataka kujua kilichoyaleta.

Kwa ambao hawajaiona: Stallone ni Joe Bomowski, sajini wa polisi wa Los Angeles. Mama yake, Tutti (Estelle Getty), anakuja kumtembelea, anaiosha bastola ya mwanawe kama anavyoosha masufuria, inaharibika, anakwenda kumnunulia nyingine kwa wauza magendo, muuzaji anauawa mbele ya macho yake, na kuanzia hapo bibi ndiye shahidi. Ukisimuliwa hivyo unaona kabisa kuna picha hapa.

Sasa tazama waliokuwa jikoni. Ivan Reitman, aliyeongoza Twins mwaka 1988 (kile kichekesho cha Arnold Schwarzenegger na Danny DeVito), ni mmoja wa watayarishaji. William Osborne na William Davies, wawili kati ya waandishi wanne wa Twins, ni wawili kati ya waandishi watatu wa hii. Wa tatu ni Blake Snyder, ambaye mwaka 2005 alitoa Save the Cat!, kitabu cha kufundisha uandishi wa skripti. Mwongozaji Roger Spottiswoode alianzia kwenye uhariri. Alikuwa miongoni mwa wahariri wa mwongozaji Sam Peckinpah. Getty naye alikuwa bado anaonekana kila wiki kwenye kichekesho cha televisheni The Golden Girls (1985 hadi 1992).

Twins iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani. Hii ilitengenezwa kwa takriban milioni 45, ikapata kama milioni 28 Marekani na kama 70 kwa jumla, kisha ikabeba Razzie tatu (tuzo za dhihaka kwa filamu mbovu): mwigizaji mkuu wa kiume, mwigizaji msaidizi wa kike, na skripti.

Swali: tatizo liko kwenye skripti, kwa mwigizaji, au kwenye meza ya uhariri? Na mtu anapimaje, badala ya kusema tu "sikucheka"?

SkriptiTupu

Mkuu, anza na swali moja: mama anamnyang'anya Joe kitu gani?

Mwongozaji huyu huyu alikuwa amefanya Turner & Hooch mwaka 1989. Umbo ni lile lile kabisa: polisi anaishi peke yake, mgeni asiyealikwa anahamia kwake, na mgeni huyo ndiye shahidi wa mauaji. Ila pale Tom Hanks ni mtu wa usafi uliopitiliza, na mgeni ni mbwa mwenye mate ya kujaza ndoo. Kila mbwa anapopita, kinaharibika kitu ambacho mwenye nyumba alikithamini. Kwa hiyo hata kochi likichanwa, tunacheka, kwa sababu tunajua kochi lile lina maana gani kwake.

Huku Tutti anasafisha, anapika, anapanga nyumba. Anamfanyia mwanawe mema kwa namna ya kuudhi. Kuudhiwa si hasara. Kitu pekee cha maana anachokiharibu ni ile bastola, na hiyo peke yake ilitosha kubeba dakika 20 za filamu: polisi asiye na silaha, anayejitahidi mkubwa wake asijue, huku kila kazi anayopangiwa inadai silaha. Skripti inaitumia kama daraja tu la kumvusha mama hadi kwa wauza magendo, halafu inaisahau.

Kosa la pili ni marudio yasiyopanda. Ndani ya ndege mama anawaonyesha abiria picha za mwanawe za utotoni. Kisha anamwaibisha mbele ya wenzake wa kazini. Kisha mbele ya mkubwa wake, ambaye pia ni mpenzi wake (JoBeth Williams). Kisha hadharani kwa kipaza sauti. Aibu ni ile ile, wanaobadilika ni mashahidi tu. Utani unaorudiwa unatakiwa kila mara uwe na gharama kubwa kuliko mara iliyotangulia: mara ya kwanza anapoteza heshima, ya pili anapoteza mtuhumiwa, ya tatu anapoteza kazi. Ukiweza kuzibadilishia nafasi aibu namba mbili na namba nne bila hadithi kuvurugika, jua hukujenga ngazi, umepanga viti.

La tatu ni dogo ila linaumiza filamu nzima. Joe anaanza akiwa na hasira. Mtu aliyekwisha kufoka dakika ya kumi, dakika ya hamsini atafanya nini zaidi?

MkasiMkali

Nakubali la ngazi, lakini hata utani mzuri unafia mezani. Hapa kuna waigizaji wawili wenye saa tofauti.

The Golden Girls ilirekodiwa kwa kamera kadhaa kwa pamoja mbele ya hadhira iliyoketi ukumbini. Mwigizaji wa namna hiyo anatega, anafyatua, kisha anangoja kicheko kiishe ndipo aendelee. Kile kimya kidogo baada ya maneno ni sehemu ya uigizaji wake, kwa sababu ukumbini kinajazwa na watu. Ukimleta mtu huyo kwenye filamu ya kamera moja, ukumbi haupo, na kile kimya kinabaki wazi kama jino lililong'oka. Atakayekijaza ni yule anayetazamwa baada yake, yaani Stallone. Na yeye uigizaji wake umejengwa juu ya uso usioonyesha mengi: taya limekazwa, macho mazito. Kwenye mapigano uso huo ni mali, kwa sababu unatuficha anachowaza mpaka ngumi itoke. Kwenye kichekesho uso huo unafaa tu ukiwa na kitu kinachoendelea nyuma yake, na mtazamaji akijua ni kitu gani. Vinginevyo unaangalia mtu anayesubiri zamu yake ya kuongea.

Kuhusu kupima, usihesabu vicheko vyako, maana siku ukiwa umechoka huchoki kuhesabu sifuri. Fanya hivi.

Chagua kipande cha dakika mbili au tatu chenye utani usiopungua mitatu. Kiangalie mara ya kwanza bila sauti kabisa. Ukishindwa kusema nani ana nguvu na nani anazipoteza, basi utani wote uko mdomoni, na kamera imekodishwa bure.

Mara ya pili washa sauti, chukua karatasi, na kila utani unapofyatuka andika ni uso wa nani uko kwenye kioo wakati ule. Kuna chaguo tatu: msemaji, mpokeaji, au wote wawili kwenye picha moja. Vichekesho vya mtu mgumu kukutana na mtu anayemtoa jasho huishi kwa mpokeaji na kwa picha ya wote wawili. Ukikuta msemaji ndiye amejaa kwenye safu yako, mhariri amemfuata mwenye maneno na kumwacha mwenye kuumia.

Mara ya tatu hesabu fremu, yaani picha moja moja zinazounda filamu. Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde, na programu yoyote ya uhariri itakuruhusu kusogeza moja moja. Pima kuanzia silabi ya mwisho ya utani hadi mkato (pale picha moja inapokatwa na kuingia nyingine) wa kwenda kwa mpokeaji, kisha pima mpokeaji anakaa muda gani. Kama pa kuanzia, mkato ndani ya fremu 4 hadi 8, na uso ukae fremu 24 hadi 36. Ukikata mapema mno unamnyima mtazamaji nafasi ya kuelewa kabla ya kuona. Ukichelewa, ameshaelewa, ameshacheka au hakucheka, na uso unafika kama mgeni wa harusi baada ya pilau kuisha. Hizi si sheria, ni kipimo cha kukuonyesha pale ambapo mkono umetetereka.

PopkoniBaridi

Kabla hamjazama kwenye fremu, msisahau Stallone alivyoingia humo. Schwarzenegger amesimulia hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba aliisoma skripti, akaona haifai, kisha akajifanya anaitaka ili mshindani wake aikimbilie. Stallone akaikimbilia. Stallone mwenyewe amekiri kwamba ni miongoni mwa kazi zake mbaya kuliko zote. Kwa hiyo jibu la "skripti au mwigizaji" tunalo kutoka kwa aliyeikataa.

Na kuhusu hesabu: milioni 70 kwa bajeti ya 45 inaonekana kama faida, lakini kumbi hubaki na karibu nusu ya tiketi, na matangazo hayamo kwenye ile 45. Waigizaji wengine hupunguza hatari hii kwa kuacha ujira na kuchukua sehemu ya mapato. Reitman, Schwarzenegger na Danny DeVito walifanya hivyo kwenye Twins na wakavuna sana. Bajeti ikiwa ndogo, mwongozaji ana ruhusa ya kujaribu. Bajeti ikishamezwa na jina la nyota, kila mtu anaogopa kumgusa.

Kiti_cha_Nyuma (mleta mada)

SkriptiTupu na MkasiMkali, nimewaelewa, ila kuna pingamizi. Twins nayo inamgeuza stelingi kuwa kichekesho. Julius (Schwarzenegger) ni jitu lenye misuli lisilojua dunia, limekulia kisiwani, halijawahi kulala na mwanamke. Kuna hata pale anaposimama mbele ya bango la Rambo III na kulinganisha misuli yake na ya Stallone. Anachekwa muda wote. Sasa kwa nini yeye anachekwa akabaki mzima, na Joe anachekwa akapungua?

Halafu PopkoniBaridi, hadithi ya kutegwa inaeleza kwa nini Stallone alisaini, haielezi kwa nini dakika 87 hazichekeshi. Skripti inayokataliwa na mmoja imewahi kumfaa mwingine: Beverly Hills Cop ilikuwa ya Stallone kabla ya kumwangukia Eddie Murphy mwaka 1984.

SkriptiTupu

Pingamizi zuri. Tofauti ni hii: Julius hajui kwamba anachekesha. Anaamini kila anachokisema. Amesoma kila kitu vitabuni, anazungumza lugha 12, na anamkubali ndugu yake tapeli kwa moyo wote. Ujinga wake ni wa mambo ya dunia tu. Nguvu zake hazijaguswa. Akitaka kumwinua mtu kwa mkono mmoja, anamwinua. Yaani walichukua sifa za stelingi zikiwa kamili, wakazihamishia mahali ambapo hazina kazi.

Joe anajua kila kitu kinachomtokea ni upuuzi. Anatutazama, karibu atuombe radhi. Angalia ile ndoto ambamo amevaa nepi. Ni picha ya bango hiyo, mtayarishaji anaisikia kwenye kikao na kucheka. Lakini ndani ya hadithi ni ndoto, haina anayemwona, haimgharimu chochote, na mwigizaji mwenyewe anaonekana amekubali kuvaa kama mtu aliyeshindwa dau. Stelingi akianza kukonyeza kamera, mtazamaji anabaki na mwigizaji mwenye aibu, na huyo si mtu wa kumchekea.

Njia ya kukausha uso ina historia ndefu. Airplane! ya 1980 iliwachukua Leslie Nielsen, Robert Stack, Lloyd Bridges na Peter Graves, wanaume waliozoeleka kwenye kazi nzito, wakaambiwa waigize kana kwamba hakuna kichekesho. Karibu zaidi na mada yetu ni Jason Statham kwenye Spy ya 2015. Anataja matendo ya kishujaa yasiyowezekana, moja baada ya jingine, kwa sauti ile ile anayoitumia kwenye filamu zake za kupigana. Hakuna alichobadilisha. Kilichobadilika ni kwamba anayesikiliza haamini.

TaaYaNyuma

Mimi napinga kidogo mwelekeo wa kumwona Stallone kama gogo. Mwaka mmoja kabla, 1991, alifanya filamu iitwayo Oscar chini ya mwongozaji John Landis. Nayo haikufanya vizuri sokoni, lakini itazameni kwa makini. Ni mchezo wa jukwaani wa Kifaransa wa Claude Magnier uliohamishiwa Marekani ya 1931: jambazi amemwahidi baba yake anayekata roho kwamba ataacha ujambazi, na asubuhi anayotaka kuanza maisha safi nyumba inajaa mabinti, wachumba na mikoba myeusi inayofanana. Pale Stallone anakwenda kasi, anafungua mlango, anafunga, anakosea mkoba, na haombi radhi. Ana kitu anachokitaka kabla ya saa sita mchana, basi. Mkimpa mtu huyo huyo shabaha, anatembea.

Kwa hiyo kwangu mimi tatizo kubwa la filamu ya mama ni upande ambao hamjaugusa: adui. Parnell (Roger Rees) ni mfanyabiashara laini wa silaha za magendo asiye na uhusiano wowote na ugomvi wa mama na mwana. Ungeweza kumtoa, ukaweka wezi wa magari, na hakuna utani hata mmoja ungebadilika. Kwenye Kindergarten Cop ya 1990 adui anamtafuta mwanawe mwenyewe aliyeko kwenye darasa lile lile ambalo stelingi amejificha kama mwalimu. Kwa hiyo watoto wanapomshinda nguvu tunacheka, huku tukijua mmoja wao anawindwa. Hatari na kichekesho vinakaa chumba kimoja. Kwenye filamu ya mama vinapeana zamu: dakika tano za kufokeana, kisha dakika tano za kufukuzana, kisha turudi kufokeana. Kila zamu inaua joto la ile nyingine.

Na kufukuzana kwenyewe kumepigwa kama filamu ya kawaida ya polisi. Kichekesho cha mwili kinataka picha pana inayoonyesha mtu kuanzia kichwani hadi miguuni, muda mrefu bila kukata, ili tuone kwamba kweli ameteleza. Ndiyo njia ya Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu bubu, na ndiyo aliyoifuata Jackie Chan. Ukikata kila sekunde, unaficha kosa la mpiganaji, lakini pia unaficha kuanguka kunakochekesha.

MkasiMkali

TaaYaNyuma, la adui nalichukua lote. La Oscar nalichukua nusu. Pale kasi inatoka kwa waliomzunguka: mtumishi, mhasibu, binti, mshona suti. Stallone ni mlingoti katikati, wengine ndio wanaozunguka, na Landis anawaweka watu watatu au wanne kwenye picha moja ili mkato usihitajike. Ndiyo maana ule uzito wake hauonekani kama kuchelewa. Kwenye filamu ya mama ni watu wawili tu, na hakuna wa tatu wa kubeba kimya.

Jambo moja la kiufundi niongeze, kwa kuwa mleta mada aliuliza kuhusu kupima. Wengi wataangalia filamu hii nyumbani, peke yao. Vichekesho vya kumbini hunyooshwa makusudi baada ya kuonyeshwa kwa hadhira ya majaribio: palipochekwa sana, mhariri anarefusha ili maneno yanayofuata yasimezwe. Ndugu wa Marx, kundi la wachekeshaji wa Marekani, walikwenda mbali zaidi. Kabla ya kupiga A Night at the Opera (1935) walizunguka na vipande vyake majukwaani ili wajue kicheko kinachukua muda gani. Kwa hiyo kimya cha sekunde mbili unachokiona sebuleni huenda kiliwekwa kwa ajili ya watu mia tatu. Kabla ya kumlaumu mhariri, jiulize kama baada ya kimya kile kinafuata kitu muhimu ambacho hakikutakiwa kumezwa. Kama kinachofuata ni utani mwingine dhaifu, hapo mlaumu.

Kiti_cha_Nyuma (mleta mada)

Asanteni sana. Nikianza na kipande kimoja tu cha kupima, nichukue kipi? Nilifikiria mama anapoosha bastola.

MkasiMkali

Usianze na bastola. Pale Joe hayupo wakati jambo linatendeka, anakuta limeshatendeka, kwa hiyo utapima uso mmoja na kitu kilicholowa.

Chukua kipande cha mtu anayetaka kuruka kutoka juu ya jengo, Joe ametoka kwenda kumsihi, na mama yuko chini ameshika kipaza sauti cha polisi anazungumzia mambo ya mwanawe mbele ya umati. Ndicho kipande chenye nguvu kuliko vyote, na sababu ndiyo hiyo SkriptiTupu aliyoianza nayo: kuna cha kupoteza. Kuna uhai wa mtu, na kuna heshima ya polisi anayehitaji kusikilizwa na mtu yule sasa hivi.

Kina ugumu mmoja wa kuangalia. Mama yuko chini, Joe yuko juu, kwa hiyo huwezi kuwaweka wote wawili kwenye picha moja ya karibu. Utani unafika kwa sauti tu. Hapo mwenye uso wa maana ni mtu wa tatu, yule anayetaka kuruka, kwa sababu yeye ndiye anayemsikia mama huku akimtazama Joe. Kwenye safu zako ongeza ya nne kwa ajili yake. Kila mama anaposema neno, andika kama mkato umekwenda kwa Joe, kwa mtu yule, au kwa umati chini. Umati ni chaguo la uvivu: watu wanaocheka ndani ya filamu wanatuambia tucheke.

SkriptiTupu

Na ukimaliza, pima kipande cha ndoto ya nepi kwa safu hizo hizo. Safu ya mpokeaji itabaki tupu, maana hakuna mtu mwingine wa kweli mle ndani.